Uzito wa Nyuma

Trekta nilijifunzia Hanang, kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, yale yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada. Nilianza kama utingo, kazi yangu kupaka grisi na kubeba madumu ya dizeli, mpaka fundi mkuu aliponiachia usukani. Udongo wa kule ni mweusi, na ukilowa unanata. Ukiingia shambani mapema baada ya mvua, tairi zinazunguka palepale na jembe halisogei hata hatua moja. Fundi mkuu alikuwa akitukataza kuisikiliza injini. Alitaka tutazame tairi, kwa sababu injini inaweza kunguruma vizuri kabisa na trekta imesimama. Somo hilo ndilo lililokuja kunilisha Marekani.

Bahati nasibu ya viza ilinifikisha Buffalo, jimbo la New York. Niliosha vyombo, nikapanga mizigo ghalani, kisha kampuni moja ndogo ya kutunza viwanja ikanichukua kuendesha trekta. Kiangazi tulikata majani. Kuanzia Novemba tulisafisha theluji kwenye maegesho ya makanisa, zahanati na maduka, na mikataba ilikuwa wazi: ikifika inchi 2 uwe umeshatoka nyumbani, na wateja wakianza kufika asubuhi wakute lami.

Mji huu uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na ziwa hilo ndilo linaloamua usingizi wetu. Upepo wa baridi ukivuma kutoka kusini-magharibi na kupita juu ya maji ambayo bado hayajaganda, huchota joto na unyevu, halafu hutua mzigo wote nchi kavu katika mkanda mwembamba wa mawingu. Mtaa mmoja unafukiwa mpaka madirishani, na mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo watu wanatembea kwenye lami kavu. Kwa mwaka wa kawaida Buffalo hupata karibu sentimita 240 za theluji. Ziwa likishaganda, mkanda huo hupungua nguvu, ndiyo maana sisi wa kazi hii huulizia barafu ya ziwani kama mkulima anavyoulizia vuli.

Nilipoanza, trekta ya kampuni ilikuwa na bamba lililokaa mshazari mbele. Bamba la namna hiyo linafaa barabara ndefu: linaisukuma theluji pembeni, unapita, basi. Kwenye uwanja wa maegesho linakupa kazi mara mbili, kwa kuwa kila ukipita linaacha tuta upande mmoja, na tuta hilo lazima ulirudie, na ukilirudia linazaa jingine. Mzee mwenye kampuni, mtu wa ukoo wa Kipolandi, alichoka na matuta hayo akaamua kununua sanduku. Sanduku lenyewe ni ukuta wa chuma wenye mbavu mbili pembeni, mbele wazi na chini wazi, linalotambaa juu ya viatu vya chuma kigumu. Theluji ikiingia haina pa kutorokea. Unaibeba yote mpaka mwisho wa uwanja. Hapa jirani, Rochester, kuna kampuni ya Pro-Tech inayotengeneza masanduku haya kwa mashine za kila ukubwa, kwa hiyo ya kuangalia yalikuwepo tele.

Muuzaji alitushauri tuchukue la futi 8. Trekta yetu ilikuwa ya nguvu za farasi 35, na mzee alivutiwa: sanduku pana, safari chache.

"Injini inaweza," akasema.

"Inaweza, mzee," nikamjibu, "lakini injini haikanyagi chini. Kinachokanyaga ni tairi."

Akanitazama kidogo, kisha akavuta kiti akaniambia nimwonyeshe. Tukapiga hesabu juu ya karatasi ya risiti. Sanduku la futi 6, lenye kimo cha futi 2 na nusu na kina kama hicho, linabeba karibu mita moja ya ujazo. Theluji kavu ya Januari, ile inayopeperuka ukiipuliza, haifiki kilo 100 kwa ujazo huo. Theluji ya Machi iliyonyeshewa inapita kilo 300 kwa urahisi, na iliyoshindiliwa na upepo ni nzito zaidi. Sasa lifanye sanduku kuwa la futi 8, ongeza theluji kwa theluthi moja, ongeza uzito wa chuma chenyewe, na yote hayo yaning'inie mbele ya trekta isiyofika tani mbili, juu ya lami yenye utelezi. Januari ungejisifu. Machi ungeishia katikati ya uwanja, tairi zinazunguka, sanduku limejaa, na wenye magari wameshaanza kuingia.

Tukachukua la futi 6, na kulikuwa na sababu nyingine. Trekta yetu, kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa nyingine, ilikuwa futi 5 na kidogo. Sanduku ni lazima liwe pana kuliko tairi, la sivyo utaikanyaga theluji ambayo hujaisukuma, na theluji iliyokanyagwa hugeuka barafu ambayo ukingo wa mpira hauing'oi. Lisiwe jembamba kuliko hapo, wala pana sana kupita hapo. Nimeona watu wakinunua kwa kutazama namba ya farasi tu, na naumia, maana ni pesa nyingi.

Baada ya hapo fedha iliyobaki tukaielekeza nyuma ya trekta, na huko ndiko ninakotaka msomaji anisikilize. Sanduku peke yake halisukumi kitu. Kinachosukuma ni uzito uliolala juu ya tairi, na trekta yenye mzigo mbele hupunguza uzito wake wa nyuma, hasa unapolinyanyua sanduku. Trekta nyingi za ukubwa huu zina breki kwenye tairi za nyuma peke yake. Ukiteremka mteremko na sanduku liko juu, nyuma nyepesi, na hujaunganisha magurudumu ya mbele na injini, unakanyaga breki na trekta inaendelea na safari. Kwa hiyo tulitia maji ya chumvi yasiyoganda ndani ya tairi za nyuma, tukafunga sanduku la zege kwenye pini tatu za nyuma ya trekta, na tukavalisha minyororo. Tairi za kiwandani zilizokuja na trekta zina meno mapana na mpira mgumu. Kwenye kokoto ni imara, kwenye barafu zinateleza. Minyororo ndiyo iliyozifanya zishike. Na trekta haikutolewa kwenye mwendo wa magurudumu yote manne mpaka msimu ulipoisha.

Kuhusu ukingo wa chini, mzee alitaka wa chuma, kwa sababu unakwangua mpaka lami. Nilikubaliana naye kwa uwanja wenye barafu ya zamani. Wateja wetu wengi, hata hivyo, walikuwa na lami yenye mabaka, mifuniko ya chemba iliyoinuka, na kingo za saruji zilizofichika chini ya theluji. Mikono ya mbele ya trekta ndogo imeundwa kunyanyua. Haikuundwa kugonga. Ukikutana na mfuniko kwa ukingo wa chuma usio na springi, kishindo kinapita kwenye sanduku, kinaingia kwenye mikono, kinafika kwenye fremu. Ukingo wa mpira hupinda na kupita. Unafuta hata maji ya theluji inayoyeyuka, na ukiisha upande mmoja unaugeuza.

Kuendesha kwenyewe kunataka utulivu. Kabla ardhi haijaganda tunachomeka vigingi vya rangi ya machungwa kwenye kila kona na kila bomba la zimamoto, kwa sababu Februari hakuna anayekumbuka ukingo uko wapi. Ukishafika, weka sanduku chini, angalia viatu vimelala sawasawa, kisigino na kidole, kisha sukuma wenzo wa haidroliki hadi mwisho ili mikono iachiwe ifuate ardhi yenyewe. Ukiikandamiza mikono chini unainua tairi za mbele na kupoteza usukani. Gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea. Anza katikati, ukisukuma nje, na lundo la kwanza lipeleke mbali kabisa, kwenye ukingo wa mwisho, kwa sababu Desemba ndiyo inayoamua Machi utaweka wapi. Usizibe chemba: theluji hiyo itayeyuka, na maji yatatafuta pa kwenda.

Miaka ya baadaye nilipewa msaidizi, kijana kutoka Kivu Kusini, mwenye bidii na masikio. Siku ya theluji ya maji aliniita: "Papa, mashini inakatala kwenda!" Alikuwa amejaza sanduku mpaka likafurika, akakanyaga zaidi, na minyororo ilikuwa imeanza kuchimba lami. Nilimwambia arudi nyuma, achukue nusu ya upana wa sanduku kila safari. Akamaliza uwanja kabla ya saa ambayo angeumaliza kwa kupigana nao.

Lakini sanduku lina mpaka wake. Novemba 2022 mkanda wa ziwa ulisimama juu ya vitongoji vya kusini, na Orchard Park ilipata karibu inchi 80 katika siku chache. Theluji ilipita kimo cha sanduku mara mbili na zaidi. Ukiingia nalo hapo unajenga ukuta mbele yako kisha unaugonga. Tulilifungua sanduku, tukafunga koleo la kawaida, tukachota kidogo kidogo na kumwaga, kutwa nzima kwa uwanja ambao kwa kawaida tungeumaliza kabla ya chai. Wenye mashine za kurusha theluji ndio waliokuwa wafalme wiki ile, na nilifurahi kuwaona wakipita.

Yule kijana sasa anajitegemea Iowa, ana mke na trekta iliyotumika ya farasi 28. Mwezi uliopita alinipigia akiniuliza achukue sanduku la futi ngapi. Nilimwuliza trekta yake ina uzito gani, na amefunga nini nyuma. Hajapima. Nikamwambia aende kwenye mizani ya wauza vyuma chakavu na zege likiwa limefungwa, apime tairi za mbele peke yake, kisha za nyuma peke yake, ndipo anipigie tena.