Vumbi la yuro milioni 16

Yaya mpendwa, na wote wa nyumbani Luena, Katanga,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kelele za watoto zilikuwa nyingi kuliko maneno yako. Nimeelewa hivi: watu wa mitraye, wale wanunuzi wa chuma chakavu, wamerudi na mizani yao, wameizunguka pikapu ya Peugeot 404 ya marehemu baba, wamegonga bodi kwa vidole na kutaja bei ya kilo. Mama mdogo anataka iuzwe leo apate bati za jikoni. Vijana wanakataa. Wameona kwenye simu gari bovu lililouzwa Ulaya kwa mamilioni, na sasa wanamngoja Mzungu mwenye sanduku la pesa. Mmeniachia mimi neno la mwisho kwa sababu niko Brussels, kana kwamba kila anayekaa hapa ni dalali.

Habari ya mama mdogo ni nyepesi, niimalize kwanza: bati nitazituma mimi mwisho wa mwezi, kwa hiyo jikoni lisiwe sababu ya kuharakisha. Habari ya vijana ndiyo ndefu.

Hawakudanganywa. Tarehe 6 Februari 2015, mjini Paris, kampuni ya mnada ya Artcurial iliuza magari 59 yaliyokuwa yakiozea katika shamba moja magharibi mwa Ufaransa. Mwenye magari, Roger Baillon, alikuwa tajiri wa malori ya uchukuzi. Tangu miaka ya 1950 alikusanya magari ya kifahari akitaka kujenga makumbusho. Biashara ikaanguka miaka ya 1970, sehemu ya magari ikauzwa, mengine yakaachwa chini ya mabanda yasiyo na kuta, mvua ikipiga na majani yakiota hadi madirishani. Lilikuwamo hata gari la Mfalme Farouk wa Misri. Na ndani ya banda moja, chini ya rundo la magazeti ya zamani, wataalamu walikuta Ferrari 250 GT California iliyowahi kuwa ya Alain Delon, yule mcheza sinema. Hawakuiosha. Waliipeleka mnadani na vumbi lake lote, ikanunuliwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Mauzo yote ya siku ile yalipita yuro milioni 25.

Sasa vijana washike viti vyao. Mchoraji wa Ferrari ile ni nyumba ya Pininfarina, ya Turin huko Italia. Na nyumba hiyohiyo ndiyo iliyochora Peugeot 404. Ile mistari iliyonyooka ambayo baba alikuwa akiipangusa kila Jumapili ilitoka katika ofisi moja na gari la Delon.

Baada ya kushangilia, wakae chini, maana hesabu ndiyo inayotenganisha ndugu hawa wawili. Ferrari za namna ile, zenye shasi fupi, hazikufika 60. Peugeot 404 zilizotoka viwandani Ufaransa kati ya 1960 na 1975 zilipita milioni 1.8, na Kenya waliendelea kuziunganisha hadi 1991. Kitu kilichojaa dunia nzima hakimkoseshi tajiri usingizi.

Mimi mambo haya nayajua kwa mikono zaidi kuliko kwa vitabu. Mwisho wa juma huwa napata kibarua cha kusukuma magari katika kumbi za maonyesho na minada. Ndiyo, kusukuma. Ndani ya ukumbi injini haziwashwi ovyo kwa sababu ya moshi, kwa hiyo gari la yuro laki tano linasogezwa na sisi watu wanne, wenye glavu, huku msimamizi akitukataza kuegemea milango. Nilichokigundua ni kwamba mnunuzi wa kweli halitazami gari kwa muda mrefu. Analizunguka mara moja, anainama kusoma namba ya shasi, anafungua boneti kusoma namba ya injini, halafu anakwenda kukaa mezani na faili. Humo mna risiti za garaji za mwaka 1964, barua ya mwenye gari wa pili, picha za mashindano, bima zilizokwisha muda. Namba za chuma zikipatana na namba za karatasi, bei inapanda. Zikigombana, hata kama rangi inang'aa kama kioo, watu wanarudisha miwani mfukoni.

Na karatasi inayolipwa zaidi ni ile inayothibitisha kwamba gari lilishindana, na nani alilishika. Hapa nawapa habari inayotuhusu. Palikuwa na Mbelgiji mmoja, Olivier Gendebien, ambaye baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya misitu katika Kongo kwa miaka minne hivi. Huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, alikutana na mwenzake Charles Fraikin aliyekuwa akishindana katika rali. Waliporudi Ulaya wakawa timu moja, na mwaka 1955 Gendebien akashinda rali ya Liège-Rome-Liège kwa Mercedes 300 SL, lile gari ambalo milango yake hufunguka kuelekea juu. Ferrari wakamchukua Gendebien. Akashinda mbio za saa 24 za Le Mans mara nne: 1958, 1960, 1961 na 1962. Ile Ferrari ya ushindi wa 1962, aliyoiendesha na Mmarekani Phil Hill, iliuzwa mnadani huko Maranello mwaka 2007 kwa zaidi ya yuro milioni 6. Barabara za kwetu, na matope yake ya masika, zilimfundisha bwana yule jambo fulani, ingawa katika katalogi za minada sijaona Kongo ikishukuriwa.

404 nayo si kwamba haikushindana. Ilishinda rali ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa kati, wa 1966 na 1967, ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania. Lakini thamani ya ushindi inabaki kwenye shasi ileile iliyoshinda. Dada zake waliobeba mihogo na magunia ya mkaa hawaridhi chochote.

Mmeniuliza pia mnada wenyewe unakwendaje, na kama mwenye gari anaondoka na pesa yote. Haondoki nayo. Kampuni inachapa makadirio kwenye katalogi, tuseme yuro 80,000 hadi 100,000. Mwenye gari anakubaliana nayo kwa siri bei ambayo chini yake hauzi. Siku ya mnada kuna watu ukumbini, wengine kwenye simu, wengine kwenye intaneti, na dalali anawachochea kwa mzaha hadi nyundo inaanguka. Ikianguka kwenye 100,000, mnunuzi anaongeza ada ya kampuni, ambayo Ulaya hupita asilimia 10, na kodi juu ya ada hiyo. Upande wa pili muuzaji naye anakatwa kamisheni, na mara nyingi usafiri, picha na bima. Kampuni inakula kulia na kushoto. Na bei ya siri isipofikiwa, gari linarudi nyumbani na aibu: mwaka mzima kila mnunuzi anajua lilikataliwa mbele za watu, na anatoa bei ya huruma.

Bei zenyewe hazipandi milele kama vijana wanavyodhani. Chukueni Ferrari 250 GTO, mfalme wa magari haya, iliyotengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Moja iliuzwa Marekani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Nyingine, yenye historia yake, iliuzwa New York mwaka 2023 kwa dola milioni 51.7. Ukikumbuka jinsi kila kitu kilivyopanda bei katika miaka hiyo mitano, utaona si maajabu. Kuna kitu kingine wazee wa ukumbini wanakisema waziwazi: mtu hununua gari alilolitamani akiwa mvulana. Waliotamani magari ya kabla ya vita ya 1939 wanazikwa mmoja mmoja, na magari yao yanapoa. Wenye pesa sasa walikuwa vijana miaka ya 1980 na 1990, kwa hiyo magari ya miaka hiyo ndiyo yanayotafutwa. Juu ya magari yote imekaa Mercedes 300 SLR ya 1955, ambayo zilitengenezwa mbili tu za aina hiyo yenye paa. Mercedes wenyewe waliuza moja mwezi Mei 2022, katika makumbusho yao ya Stuttgart, mbele ya wageni wachache walioalikwa, kwa yuro milioni 135. Pesa ikawekwa katika mfuko wa ufadhili wa masomo. Hakuna gari lililowahi kuuzwa zaidi ya hapo.

Kuna jambo la mji huu linalonichekesha na kunikera kwa pamoja. Brussels inafukuza magari yenye moshi. Tangu 2022 dizeli za kiwango cha Euro 4 hazina ruhusa kutembea mjini, maana yake gari la fundi au la mfagiaji, la mwaka 2008 hivi, ni marufuku. Lakini gari lililozidi miaka 30, likiwa na namba inayoanza na herufi O, linapita na moshi wake bila shida, na ushuru wake ni mdogo. Maskini anaambiwa gari lako limezeeka mno, tajiri anapongezwa kwa sababu lake limezeeka zaidi. Na lile lililofukuzwa linakwenda wapi? Linashuka mtaa wa Heyvaert, karibu na machinjio ya Anderlecht, ambako wafanyabiashara wananunua magari kama hayo kwa wingi, wanayajaza vifaa hadi kwenye paa na kuyasafirisha kwa meli kutoka Antwerp kuelekea bandari za Afrika. Yaya, wewe usitamani gari la Heyvaert. Likifika bandari ya Matadi bado liko mbali nawe kama lilivyokuwa Antwerp. Kwenu Katanga heri Toyota ya usukani wa kulia iliyoshushwa Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa. Spea zake zipo Lubumbashi na mafundi wanaijua.

Basi hukumu yangu juu ya 404. Hakuna Mzungu atakayekuja. Hapa 404 nzima, inayotembea, yenye karatasi zote, ni ya wapenzi wa kawaida, wastaafu wengi wao, na bei yake haifiki popote karibu na ndoto za vijana. Ya baba haina sakafu upande wa dereva, na gharama ya kuitoa Luena hadi Ulaya ingeimeza mara mbili. Lakini bei ya kilo nayo ni wizi. Sanduku la gia, ekseli ya nyuma, taa na ile dashibodi vina wateja Kamina na Lubumbashi, kwa mafundi ambao bado wana 404 zinazofanya kazi. Itisheni fundi mmoja mwaminifu aitazame kabla ya mtu yeyote kushika msumeno. Mtu wa mitraye awe wa mwisho kuitwa, na apewe kile tu ambacho fundi amekikataa.

Karte roze ya baba, ile kadi ya umiliki wa gari, imo katika sanduku la mbao la mama, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Itoe, uipige picha pande zote mbili. Kisha fungua boneti, safisha lile bamba dogo la kiwanda kwa kitambaa chenye mafuta, piga picha namba. Mimi nitaziweka.

Nanyi wengine mnaosoma barua hii: makaa yetu ya mawe ya Luena yalilisha viwanda vya kampuni ya migodi ya Union Minière, na mashine ngapi za mgodi, mabehewa mangapi, malori mangapi yamekwishapita kwenye mizani bila hata picha moja? Mwenye karatasi ya zamani ya gari au ya mashine, ya baba au ya babu, asiiwashie moto. Na mwenye chuma kikuukuu uani, aandike namba yake kabla mwenye mizani hajabisha hodi.