Maji ya Kichwani Hayasubiri Foleni

Akina mama tumezoea kusubiri. Tunasubiri maji bombani, basi la jioni na mwisho wa mwezi. Lakini yako magonjwa ya watoto yasiyojua kusubiri, na sisi wazazi wa mtoto mwenye kichwa kikubwa tumejionea.

Mwanetu alipofikisha miezi miwili, muuguzi wa kliniki alimpima kichwa, akanyamaza kidogo, akapima tena. Kisha akatuandikia barua ya rufaa. Huko hospitali kubwa tulipewa kadi yenye tarehe ya kumwona daktari bingwa: miezi mitatu mbele. Karani alitufunulia daftari lake. Lilikuwa limejaa.

Hatukumlaumu. Madaktari wa upasuaji wa ubongo ni wachache katika nchi zetu. Hata hivyo, maji ya ubongo yakikosa njia hujaa ndani na kuusukuma ubongo laini wa mtoto. Kuchelewa kunaweza kumpunguzia uwezo wa kuona, kutembea na kujifunza.

Basi tuliazima futi ya fundi cherehani. Kila Jumatatu tulimpima mtoto, juu ya nyusi na kuzunguka kisogo, tukaandika. Kwa kawaida mtoto mchanga huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi, nacho huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Cha mwanetu kiliongezeka sentimita 4 katika majuma mawili. Utosi ulijaa ukakaza, akaanza kutapika, na macho yakawa yanatazama chini.

Tulirudi kwa muuguzi yule yule na daftari letu. Aliandika barua ya pili yenye vipimo vyote na neno moja juu yake: dharura. Kesho yake daktari alimwona mtoto, na juma lile lile akawekewa mpira mwembamba unaopeleka maji tumboni.

Sasa ana miaka minne. Amechelewa kutembea, lakini anaimba na kugombana na dada zake. Mpira unaweza kuziba wakati wowote, kwa hiyo dalili zile zile tunaendelea kuziangalia. Huko Mbale, Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Daktari Benjamin Warf na wenzake waliendeleza upasuaji wa kufungua njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe, ili watoto wengi wasihitaji mpira.

Jambo moja bado linatuuma. Pale benchini tulimwacha mama aliyetoka mbali, naye akisubiri tarehe yake. Mwanetu hakutangulia kwa kuwa anaumwa kuliko wake. Alitangulia kwa kuwa vipimo vyake viliandikwa. Barua za rufaa zingepangwa kwa hali ya mtoto, si kwa siku zilizofika, mama yule asingehitaji bahati.

Mpaka hapo, mama mwenzetu, pima na uandike. Ukiona utosi umejaa, mtoto anatapika au macho yanatazama chini, usingojee tarehe ya kadi. Mpeleke siku hiyo hiyo, na daftari mkononi.