Funguo za Stoo

Nilikabidhiwa funguo za stoo ya hospitali ya wilaya mwaka 1992, nikiwa na cheti cha ugavi na viatu vya kuazima. Mzee aliyekuwa akistaafu aliniambia, "Mwanangu, mwizi utamkamata. Karatasi ndizo zitakazokushinda." Nilimcheka kimoyomoyo.

Enzi hizo zahanati zililetewa dawa kwenye makasha yaliyofungwa tayari, yale yale kwa wote, iwe zahanati ya bondeni kwenye malaria au ya mlimani kwenye vichomi. Baadaye tukaambiwa tuagize wenyewe, kila robo mwaka, kwa fomu inayouliza umetumia kiasi gani. Hesabu yake si ngumu: ulichoanza nacho, ongeza ulichopokea, toa kilichoharibika na kilichobaki. Lakini dawa ikikosekana miezi miwili kati ya mitatu, matumizi yake yanaonekana madogo. Unaagiza kidogo, kinaisha mapema, na robo inayofuata unaagiza kidogo zaidi.

Waliotunga fomu waliliona hilo. Waliweka safu ya kuandika siku ambazo dawa haikuwepo, ili hesabu irekebishwe. Safu hiyo tuliijaza sifuri. Nani aandike kwa mkono wake kwamba dawa ya watoto ilikosekana siku 60, kisha aitwe kujieleza? Mimi nami nilijaza sifuri, tena si mara moja. Zahanati zilinitumia takwimu zilizopikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kalamu moja, mwandiko mmoja, nami nikazijumlisha na kuzipeleka juu na muhuri.

Halafu fedha. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Mpango wa ununuzi tuliubandika ukutani, tukakaa. Fedha zilidondoka kidogo kidogo, kisha Mei na Juni zikamiminika, zikitakiwa ziwe zimetumika kabla ya Juni 30. Hapo ununuzi hauulizi tena kinachohitajika; unauliza kinachopatikana haraka. Mwaka mmoja tulipokea dripu hadi tukazipanga barazani, na mipira yake ya kutundikia haikuwepo hata mmoja. Matroni alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kaka, hizi nizitundike kwa kamba za katani?" Sikuwa na jibu. Nyingi zilipita muda wake pale pale, na hata kuziteketeza kulihitaji kamati, kibali na mafuta ya gari.

Kuhusu bei, watu husema serikali huuziwa ghali kwa sababu ya wizi. Wizi upo, nimeuona, na asilimia kumi nimewahi kuahidiwa nikiwa nakunywa chai. Ila mwenye duka mmoja aliyekuwa akituuzia rimu za karatasi karibu mara mbili ya bei ya kaunta alinieleza bila haya: "Afisa, mwalimu ananilipa leo. Ninyi mtanilipa mwakani. Hiyo nyongeza ni ya kungoja." Nilimwandikia LPO, hati ya kuagiza. Ningefanya nini?

Sheria za ununuzi zilikuja, ya 2004, kisha ya 2011, kila moja na semina zake. Sizidharau. Sheria ya 2004 ndiyo iliyotupa kitengo cha ununuzi chenye nafasi yake kisheria. Kabla ya hapo afisa ugavi alikuwa mtu wa kuitwa baada ya bei kukubaliwa. Mwaka 2023, mwaka wangu wa mwisho, ukaja mfumo wa NeST, zabuni zikahamia kwenye kompyuta. Kijana aliyenirithi anauendesha kama anavyoendesha simu yake. Nimemsihi jambo moja tu: namba anayoiingiza mle ndani aifuate kwanza kwa miguu, rafuni.

Siku ya makabidhiano tulihesabu pamoja. Kadi ya glovu ilisoma katoni 12. Rafuni zilikuwa 9. Kijana akainua kalamu, akaniangalia, akingoja nimwambie aandike ngapi.

Tuliandika 9, na chini yake nikatia saini yangu.