Uniti Ishirini za Rangwe

Kutoka Mombasa hadi Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Tuliufunga kwa gari la umeme, mume wangu, wanetu wawili na mimi, kwenda kumpa hongera mpwa wangu aliyejifungua.

Nairobi tulilala, tukaijaza betri. Tukapita Narok na Bomet, na Kisii tukakuta kituo tulichoonyeshwa na ramani kimefungwa. Tuliteremka pole pole, tukaingia Rangwe magharibi ikiadhiniwa kwenye simu, betri imebaki asilimia 9.

Kandokando ya Ziwa Victoria, WeTu wana vituo vya umeme wa jua vinavyochaji taa za wavuvi na pikipiki za umeme. Lakini betri ya pikipiki hutolewa ikabadilishwa. Ya gari haitoki. Palibaki soketi ya ukutani, sebuleni kwa mkwewe mpwa wangu.

Soketi ya nyumbani hutoa takribani kilowati 2. Kwa saa 10 za usiku gari hunywa uniti 20, zinazotosha mwendo wa kilomita 100 hivi, yaani kufika Kisumu. Tuliomba ruhusa, tukapewa kwa tabasamu, tukalala.

Alfajiri taa haikuwaka. Tokeni zilikuwa zimekwisha. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni akichochea kuni, akituchemshia chai na viazi vitamu kwa mwanga wa simu, wala hakusema neno. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, mwenyeji akabaki gizani na mzazi na kitoto cha siku sita.

Nilipomtolea pesa alizirudisha. "Mama, mgeni halipi kwangu." Basi nilimtuma mwanangu anakili nambari ya mita, nikanunua tokeni kwa M-Pesa: za usiku ule, na za mwezi wa mtoto. Taa ilipowaka alicheka, akasema watu wa pwani ni wajanja.

Dada msomaji, ukisafiri na gari la namna hii, ulizia vituo kwa simu kabla ya kuondoka, wala usiiamini ramani peke yake. Na ukichomeka waya kwa mwenyeji, chukua nambari ya mita usiku ule ule. Ruhusa hutolewa kwa ukarimu, lakini uniti zina mwenyewe, na haki ya mwenyeji haingoji aidai.