Swila Nyuma ya Jiko

Msimu wa mvua uliopita, hapa Pundanhar, mke wangu aliniita usiku nyuma ya jiko. Nilimulika kurunzi: swila alikuwa akimmeza kifutu mdogo, kichwa kwanza. Nikainua jembe. Mzee jirani akanizuia: "Mwache, mwanangu, amekusaidia kazi."

Ni kweli, ndugu msomaji. Swila huwinda usiku, akinusa kwa ulimi njia aliyopita windo. Hula vyura, panya, hata nyoka wenziwe. Lakini swila huyohuyo hutema sumu machoni akiwa mbali zaidi ya meta mbili, na watoto wangu huchezea pale pale. Niliposita, alimaliza kumeza, akapotelea chini ya kuni.

Kuni nimezihamisha, na mtungi wa maji ya kuoshea macho hauondoki mlangoni. Mke wangu hajaridhika hadi leo.