Kabla hujatupa mshipi Naivasha

Iwapo umewahi kuketi kando ya maji kutwa nzima ukishika ufito na kurudi nyumbani mikono mitupu, bila shaka utanielewa. Wakati wa likizo ya Agosti mwaka jana nilimpeleka mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, kwenye Ziwa Naivasha. Nilikuwa nimemwahidi safari hiyo mara tatu na kuivunja ahadi mara tatu kwa sababu ya kazi. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Chambo kililiwa, boya likacheza, lakini samaki hatukumwona. Tulipokuwa ndani ya matatu tukirudi Nairobi, kijana aliniambia kwa upole kwamba siku nyingine ningeweza kwenda peke yangu.

Kosa lilikuwa langu. Dukani jijini nilikuwa nimeitisha ndoana ya namba ndogo, nikidhani namba ndogo ni ndoana ndogo. Nikapewa namba 2. Ajabu ni kwamba hesabu ya ndoana huenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo ndoana inavyozidi kuwa ndogo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pale ufuoni aliichukua mkononi, akaigeuzageuza, akacheka. "Mama," akasema, "hii ni ya kuvua mbuta, na mbuta yuko Victoria. Huyu wetu ana mdomo kama wa mtoto anayenyonya."

Samaki aliyemtaja ni tilapia, na hapo ndipo elimu yangu ilipoanzia. Kule Marekani wazazi huwafunza watoto wao kuvua kwa samaki mdogo wa ziwani aitwaye bluegill, kwa kuwa anapatikana karibu na ufuo, halagui sana chakula, na hana nguvu za kumtisha mtoto. Hata Naivasha wapo jamaa wa ukoo wake: besi mwenye mdomo mkubwa, aliyeletwa ziwani humo kutoka Marekani mnamo mwaka wa 1929. Lakini besi ni mwindaji, humtaka mvuvi mwenye ujuzi. Kwa mwanafunzi wa humu nchini, wa kuanza naye ni tilapia. Naye pia ni mgeni Naivasha, kwani aina mbili zinazojulikana sana zilitiwa humo miaka ya hamsini.

Basi nunua ndoana ya namba 8 au 10. Nunua hata kumi, maana ni za bei ya chini na zitanasa kwenye mafunjo. Mshipi uwe mwembamba, wa nailoni, wa kuweza kuinua kilo mbili hivi. Ule mnene wa kufungia mizigo samaki huuona, nao pia huzuia chambo kuzama taratibu kama chakula cha kawaida. Fimbo ya dukani yenye gurudumu si lazima. Mwanzi mkavu wa mita tatu unatosha, na mshipi uufunge kwenye ncha ukiwa na urefu kama wa mwanzi wenyewe. Boya waweza kulitengeneza kwa kizibo cha chupa au kipande cha ndala kuukuu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni risasi, yaani kile kipande cha chuma kizito ambacho Wapwani hukiita chubwi. Weka kidogo tu, kama punje ya pilipili manga, upana wa kiganja juu ya ndoana. Tilapia hamezi kwa pupa. Hukivuta chambo mdomoni, akakionja, akakitema. Akihisi uzito wa boya kubwa linalomvuta, ameshatema kabla hujashtuka. Hivyo ndivyo tulivyolishwa hasara kutwa nzima mara ya kwanza. Boya letu lilikuwa kubwa kama yai.

Kuhusu chambo, sikiliza: usitumie fedha. Nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni, wapo chini ya mgomba au kando ya lundo la samadi, pale palipo unyevu. Watie kwenye mkebe wenye udongo wa mahali pale pale, utoboe kifuniko, na usiuache juani. Ukimtunga mnyoo mzima, samaki atakula mkia unaoning'inia na kukuachia kichwa. Mkate kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba, ukifunike nacho chuma cha ndoana mpaka karibu na ncha.

Mtoto asiyetaka kushika mnyoo naye asilazimishwe. Chukua ugali uliolala, uuponde pamoja na unga kidogo wa ngano na maji mpaka ushikamane, kisha ufinyange vidonge kama punje za dengu. Tilapia hula mimea, wadudu na vitu vingi vilaini, naye ugali haumshangazi. Nyunyiza makombo machache majini kwanza ili wakusanyike, lakini yasiwe mengi ukawashibisha bure.

Kufika huko si kazi. Kutoka Nairobi hadi mji wa Naivasha ni karibu kilomita 90, na kutoka mjini kuna matatu za barabara ya Moi South Lake zinazopita Karagita na kuendelea hadi Kamere. La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya ufuo imezungushiwa ua na mashamba ya maua na mahoteli, na raia wa kawaida amebakiwa na vijia vichache vya kufikia maji. Isitoshe, ziwa lilipofura mwaka wa 2020 liliwafukuza watu nyumbani mwao mtaani Kihoto na kuzimeza kingo nyingi, kwa hiyo pahali ulipopajua zamani huenda pako ndani ya maji. Ukifika, nenda kwanza kwa kamati ya ufuo, ile BMU. Uliza kama ziwa limefunguliwa na kama leseni yako ni sawa. Wavuvi wa hapa wana kumbukumbu chungu ya mwaka wa 2001, samaki walipopungua hata ziwa likafungwa kwa muda wa mwaka mzima, na hawampendi mgeni anayevua kiholela.

Waulize pia mahali pa kukaa. Usijichagulie kivuli kizuri penye mafunjo, kwa maana kiboko naye hukipenda. Kila mara husikika habari za wavuvi waliojeruhiwa au kuuawa, na hao ni watu wanaolijua ziwa. Mtoto asiingize mguu majini, na kabla ya saa kumi na moja jioni muwe mmeshaondoka, maana viboko hutoka kwenda malishoni. Hata hivyo, upepo utakuwa umewaondoa mapema. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na alasiri utaelewa kwa nini. Boya huwa halionekani tena kati ya mawimbi. Vua asubuhi.

Mwezi wa Desemba nilimbembeleza kijana tukarudi. Saa mbili na nusu boya lilitikisika mara mbili, likateleza upande. "Sasa!" akasema mzee yule yule, na mtoto akainua mwanzi. Tilapia wa kwanza alikuwa mfupi kuliko kiganja chake. Mzee akamwonyesha kulowesha mkono, kuilaza miiba ya mgongoni kuanzia kichwani kuelekea mkiani, kuichomoa ndoana, na kumrudisha samaki majini. Kijana alinitazama kana kwamba mimi ndimi niliyemnyang'anya. Lakini wanne waliofuata walikuwa wa kuliwa.

Mnamo saa nne kitu kizito kikauvuta mwanzi mpaka ukapinda kama upinde, na mshipi ukakatika. Mzee alisema ni kapi, yule samaki mkubwa aliyeanza kuonekana Naivasha mwanzoni mwa karne hii na ambaye amewahi kujaza nyavu. Mshipi mwembamba haumwezi, nami sikushauri kununua mnene kwa ajili yake. Nilitazamia machozi. Mtoto akanyoosha mkono tu, akaomba ndoana nyingine.

Wale wanne tulikaangiwa hapo hapo kwenye vibanda vya Kamere. Tukiwa njiani kurudi alikataa nitupe nyungunyungu waliobaki. Mkebe uko chini ya mgomba nyuma ya nyumba hadi leo, na kila Ijumaa jioni huulizwa mimi kama nimewatilia maji.