Shamba ni la Baba, na Baba Bado Yuko Hai

Leo tuongee ukweli, hata kama kuna watu wa ukoo wataniona mtoto mbaya. Baba yangu ana miaka 76 na anaishi kwa makao ya wazee huko Kiambu. Bili ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Watu wakisikia hivyo wanasema tumemtupa mzee. Sawa. Lakini wengi wao hawajawahi kumbadilisha nepi mzee wa kilo themanini saa nane usiku.

Mimi nimeifanya hiyo kazi. Ni kitinda mimba, niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, nikaanza kutengeneza video. Baba alipopata kiharusi, kikao cha familia hakikumaliza hata dakika kumi. "Si wewe uko tu nyumbani na simu?" Basi, ikawa imeamuliwa. Aliyetuma elfu mbili kwa M-Pesa aliitwa mtoto mzuri. Mimi niliyekuwa namgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani, niliitwa asiye na kazi. Kwa miaka miwili.

Sasa tufanye hesabu. Baba alikuwa fundi seremala wa jua kali maisha yake yote, kwa hivyo hana pensheni. Anapata Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Gawanya 60,000 kwa siku 30: ni 2,000 kwa siku. Yaani serikali inamlipia siku moja, sisi tunabaki na 29. Katiba, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Kwetu mgao ni huo.

Tuko wanne. Tukigawana sawa, kila mtu anatoa 14,500. Inasikika haki, lakini si haki. Mwezi wangu mzuri ni 30,000, na mwezi mbaya ni hewa. Nikasema kila mtu atoe kulingana na mfuko wake, na kuna ekari mbili kule Murang'a ambazo nusu yake haijalimwa tangu Mama afariki. Tuuze robo ekari.

Wee! Moto uliwaka. Kaka yangu mkubwa akasema shamba la ukoo haliuzwi. Nikamuuliza, ukoo ni nani kama si Baba? Hilo shamba alilinunua yeye, kwa jasho la randa na msumeno. Mara nyingi tukisema "tunalinda mila", tunacholinda ni urithi wetu. Tunataka mzee alale vibaya leo ndiyo sisi tugawane vizuri kesho.

Kilichomaliza ubishi si mimi. Ni Dada aliyesema, "Kwani mmemuuliza mwenyewe?" Kiharusi kilishika mkono na mguu, akili iko sawa kabisa. Baba akasikiliza, akajibu, "Uzeni robo. Nyinyi mtajinunulia yenu." Lakini akataka kwanza kuyaona hayo makao kwa macho yake, na redio yake iende naye. Akaenda bodi ya ardhi kwa kiti cha magurudumu, akatia sahihi mwenyewe. Pesa iko kwa akaunti ya peke yake na inalipa nusu ya kila mwezi. Inayobaki, tukitoa ile elfu mbili, tunachanga.

Siwadanganyi kwamba yote ni raha. Kuna Jumapili nikimtembelea ananiuliza mwembe wa nyumbani umezaa aje, na najua anachomaanisha. Lakini anafanyishwa mazoezi ya mguu, na kuna mzee mwenzake wanacheza drafti mpaka wagombane. Nyumbani alikuwa anaangalia dari.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi kulea mzazi pia ni kazi, na kazi ina bei. Kama kwenu kuna mtu anayemhudumia mzee, hesabuni saa zake kama mchango. Na muulizeni mzee anataka nini sasa, wakati bado anaweza kujibu na kutia sahihi.

Kwenu nani anageuza mzee usiku, na nani anatuma elfu mbili?